Pikapu ya Gitaa la Mzee Simeo

Mwaka jana kuna miezi nilijua habari za sumaku kuliko nilivyojua habari za mke wangu. Loyce mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, tena mbele ya wateja, na sikumjibu kwa sababu nilikuwa nimevaa hedifoni.

Nina duka la spea za pikipiki hapa Korogwe. Siku hizo mtu akija kuulizia brekshuu alinikuta nimeinamia simu, macho nimefumba, kichwa kinatikisika taratibu kama mpishi anayeonja mchuzi. Nilikuwa nachagua pikapu. Si gari. Majirani waliposikia Fabiani anaagiza pikapu, wawili walikuja kunipa hongera, na mmoja akaniwekea oda ya kumbebea mahindi. Pikapu ninayoisema ni kile kidude chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndicho kinachodaka mtetemo wa uzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Ukikiondoa, gitaa la besi linabaki ubao wenye nyuzi nne.

Gitaa lenyewe lilikuwa la marehemu baba. Mzee Simeo alizaliwa kwenye kambi ya mkonge upande wa Kabuku, mtoto wa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge kwa muda mfupi akasahau kurudi kwao. Ujanani alipiga besi kwenye bendi ya shamba. Bendi ilipokufa, alihamia Kerenge akalima, na gitaa akaliingiza kwenye kwaya ya kigango. Alipiga pale mpaka alipofariki, miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia.

Siku ya mazishi yake alikuja Kibwana, Mzigua wa Kwaluguru. Walifanya kazi pamoja mkongeni, na juu ya urafiki walikuwa watani, maana Wazigua na Wanyamwezi wamekuwa wakitaniana misibani tangu zamani. Kibwana alifanya kazi yake vizuri mno. Alivaa koti la baba, akashika fimbo ya baba, akachechemea kama baba mpaka shangazi zangu wakacheka huku wanalia. Kisha akatangaza, "Mnyamwezi huyu haondoki bure! Nimechukua vitu vitatu. Mkivitaka, mtavitafuta wenyewe vilivyopungua, mje na jogoo."

Desturi ndiyo hiyo. Mtani hataji alichochukua. Wafiwa wanaangalia nyumba yao, wanaona pengo, wanakwenda kukomboa. Koti na fimbo kila mtu aliviona, nami kama mtoto wa kwanza nikavikomboa palepale. Cha tatu hakikuonekana. Mama alisema, "Bado kimoja." Nilikuwa nimechoka, msiba ulikuwa na watu wengi, na nikasema kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao kwamba hakuna cha tatu, Wazigua hawajui kuhesabu. Watu walicheka. Nilijiona nimetania vizuri, na jambo likaishia hapo.

Sasa miaka miwili imepita, ukoo umekaa Kerenge kupanga misa ya kumbukumbu na chakula cha kumaliza msiba. Mama yangu, Mama Fausta, alikuwa ameketi katikati yetu. Masikio yake yalianza kuziba hata kabla baba hajafariki, na siku hizi hasikii karibu kitu. Anasoma midomo anapotaka, na asipotaka anaangalia kuku. Tulidhani siku hiyo anaangalia kuku. Ghafla akasema, "Siku hiyo nataka nimsikie Simeo. Mara moja tu. Nimeanza kumsahau."

Wote wakanigeukia, kwa sababu mtoto anayepiga besi ni mimi.

Hapa niseme ukweli kuhusu upigaji wangu. Kwaya yetu ya Korogwe imenipangia kukaa nyuma ya nguzo. Mwalimu wa kwaya anasema ni kwa ajili ya mpangilio wa sauti. Lakini siku ile, mama yangu akiwa ameniangalia vile, nilijiona msanii mkubwa. Mama hasikii kwa sikio, lakini sauti nzito anaipata kwa kiganja, akiweka mkono kwenye boksi la spika au kwenye benchi. Kwa hiyo besi ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumfikia. Nikaapa kwamba mama atamsikia Simeo.

Nikaingia chumbani, nikavuta boksi la gitaa kutoka uvunguni, nikafungua. Pale pikapu ilipokuwa inakaa palikuwa na shimo tupu na nyaya mbili zinanitazama.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilifikia uamuzi. Gitaa la baba lilikuwa na aibu moja iliyojulikana Kerenge nzima: lilivuma. Akilichomeka tu kwenye amplifaya, kabla hajagusa uzi, spika ilianza vuuuuu, mvumo mzito usiokoma mpaka aliposhika nyuzi. Padre alinung'unika. Katekista Kaleb alikuwa na ishara yake maalumu ya mkono, ya kumwambia baba azime. Nikaamua kwamba mzee mwenyewe, karibu na mwisho wake, aliona haya, akaing'oa pikapu ile mbovu akaitupa. Kazi yangu ilikuwa kumtafutia nyingine, nzuri, isiyovuma hata kidogo. Nilijisikia mtoto mwema mno.

Ndipo ilipoanza ile miezi ya hedifoni. Kwenye mtandao kuna watu ambao hawana kazi nyingine ila kupiga wimbo mmoja kwa pikapu ya kwanza, kisha wimbo uleule kwa pikapu ya pili, kisha kukuuliza umeona tofauti. Sikuwa naona tofauti. Nilirudia usiku na mchana, sioni. Lakini waliotoa maoni chini walikuwa wanaona, tena wanagombana, mmoja anasema hii ina joto, mwingine anasema ile ina tope, wa tatu anasema wote wawili hawana masikio. Baada ya wiki chache nami nikaanza kuzungumza hivyo. Loyce aliwasha blenda, nikamwambia ina tope kidogo kwenye sauti za chini. Aliniangalia kwa muda, akaendelea na juisi yake.

Nilijifunza kwamba pikapu ya kizamani ina koili moja na ndiyo inayovuma. Ya kisasa ina koili mbili zilizopingana, hii inafuta mvumo wa ile. Nilipolielewa hilo niliwaeleza wateja. Mmoja alikuja kutafuta cheni, akaondoka na elimu ya koili bila cheni, na hakurudi tena. Mwishowe nilichagua ya koili mbili, iliyosifiwa kuwa kimya kuliko zote. Nikiulizwa kwa nini ile na si nyingine, nilitaja aina ya sumaku. Ukweli ni kwamba aliyeisifia alikuwa na ndevu nyeupe kama za baba.

Ilipofika haikuenea kwenye shimo. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu roho yake na sikupima upana wake. Nikachukua patasi, nikalichonga gitaa la marehemu baba yangu mezani dukani, maranda yanaangukia kwenye pakiti za plagi, huku nikimwomba radhi kimoyomoyo. Kisha nikampelekea Julius, fundi redio ambaye pia ndiye mpiga kinanda wetu, akalehemu nyaya. Tukawasha. Kimya kabisa. Julius akainama kuangalia kama taa ya amplifaya inawaka.

"Hii kitu imetulia, kaka," akasema. "Hata haijulikani kama ipo."

Niliona fahari kana kwamba nimezungusha waya ule kwa mikono yangu.

Majuma machache kabla ya misa nilikwenda Kerenge kumjaribishia mama. Nikaweka spika ukumbini, nikachomeka, nikamshika mkono, nikauweka juu ya boksi. Akafumba macho, akangoja. Nami nikangoja kidogo, ili ausikie huo ukimya nilioutafuta miezi yote.

"Umeshawasha?" akauliza.

"Nimewasha, mama!"

"Basi washa."

Nikapiga. Nilipiga nyimbo zote tatu ninazozijua, ya mwisho mara mbili. Mama aliacha mkono pale muda wote, uso wake umekunjamana kwa kujitahidi, na nilipomaliza akanipapasa begani kwa huruma.

"Nasikia mtu anatwanga," akasema. "Anatwanga vizuri. Lakini Simeo hajaja."

Sitaki kusema nilijisikiaje, ila nitasema. Nilitaka kulia. Niliketi pale nimelikumbatia lile gitaa nililolichonga, mwanamume mwenye mvi, na kitu nilichofikiria ni kwamba pengine ningechagua ile nyingine yenye sumaku kali zaidi. Tayari nilikuwa natoa simu mfukoni.

Mama akanigusa. "Kile cha tatu cha Kibwana, mlishakwenda kukikomboa?"

"Mama, ule ulikuwa utani tu," nikamwambia, nikitamka polepole ili aone midomo.

"Nilimwona anatoka chumbani na bisibisi ya baba yako."

Nikaangalia gitaa. Nikakumbuka matundu madogo ya skrubu niliyoyaona pembeni mwa shimo kabla sijalichonga, safi, yaliyofunguliwa na mtu asiyekuwa na haraka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema bado kimoja. Wewe ukasema Wazigua hawajui kuhesabu."

Kesho yake nilifunga duka, nikapanda gari la Handeni na jogoo kwenye kikapu. Kwaluguru nilimkuta Kibwana nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi na mkewe, Bi Mashavu. Alikuwa amekonda tangu msibani. Hakuinua uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mashavu, njoo uone ajabu. Mnyamwezi amepata adabu, miaka miwili baada ya baba yake kuzikwa."

"Nimekuja kukomboa, mtani."

"Kukomboa nini? Taja."

"Pikapu ya gitaa la baba. Kile kidude chenye sumaku."

Akaacha mahindi. "Umeona leo kwamba haipo?"

"Niliona zamani. Nikadhani mzee aliitupa."

"Ukafanyaje?"

"Nikanunua nyingine."

Nilidhani atacheka. Bi Mashavu alicheka. Kibwana hakucheka. "Mimi nilichukua kitu ambacho mtoto wa Simeo hawezi kukikosa akanyamaza," akasema. "Nikasema watakuja tu, hawatamaliza mwezi. Tutakaa, tutakula huyo jogoo, tutamsema Simeo mpaka jua lizame. Hamkuja. Sikuweza kuwaletea, maana siyo desturi, na sikuweza kuitupa. Miaka miwili mmeniacha nimekaa na mali ya marehemu ndani kama mwizi."

Nilikuwa nimetumia miezi kusikiliza wazee wa nchi za mbali wenye ndevu, na mzee huyu mmoja, safari ya asubuhi moja tu kutoka dukani kwangu, alikuwa ananingoja mimi. "Nisamehe, baba," nikamwambia, na nilimaanisha.

"Sikusamehi. Wewe ni Mnyamwezi, utalipa faini." Sasa ndiyo sura yake ikarudi ile ya kuchechemea msibani. "Mchukue jogoo wako, pita nyumba kwa nyumba mpaka pale kwenye duka, urudi. Kila mlango useme: mimi ni Mnyamwezi, nilifundishwa kuhesabu nikaishia mbili."

Nikapita. Mimi, mfanyabiashara, mwanakwaya, baba wa watu wazima, nilipita kila mlango na jogoo kwapani. Kwenye nyumba ya tatu wenyewe walikuwa wanakula, wakaniomba nirudie kwa sababu bibi yao hakusikia vizuri. Dukani walinipa kiti. Wote walijua habari hiyo tangu zamani, na kila mmoja aliniuliza kwa nini nimechelewa.

Niliporudi, Bi Mashavu alikuwa ameitoa. Ilikuwa imejaa sindano na pini, zimesimama juu yake kama miiba ya nungunungu. "Ilikuwa inaniokotea sindano zikidondoka," akasema akizibandua moja moja, na sauti yake ilikuwa na majuto kidogo. "Nitaikumbuka." Jogoo tulimla. Baba tulimsema mpaka jua likazama, na nikajua mambo yake mawili matatu ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama anasoma.

Julius aliilehemu ile pikapu ya zamani mahali pake. Kwa kuwa nilikwishalitanua shimo, ilicheza ndani kama jino bovu, tukaikazia kwa vipande vya ndala ya Loyce, ambayo Loyce alikuwa bado anaivaa. Tukawasha. Vuuuuu.

"Inavuma, kaka," akasema Julius. "Niache niizungushie foili, nitapunguza."

Nilikubali palepale. Namwambia msomaji hivyo ili ajue mimi ni mtu wa aina gani. Baada ya yote yale, bado nilitaka kuufuta. Kilichoniokoa ni umeme. Ulikatika Korogwe tukiwa tunakata hiyo foili, haukurudi hadi siku ya safari, na tukakubaliana kwamba mvumo tutaushughulikia baada ya sherehe.

Misa ilipita vizuri. Baada yake tuliketi nyumbani Kerenge, chini ya turubai, watu wanakula pilau. Kibwana na Bi Mashavu waliwekwa mbele kama wageni rasmi, na Kibwana alikuwa amekwisha kuwaeleza wote habari ya jogoo. Nikavuta kiti karibu na amplifaya. Mama alikuwa kwenye benchi lililoegemea spika, sahani mapajani, akiangalia kuku. Nilikuwa nimefanya mazoezi mpaka vidole vimeota sugu. Nikachomeka waya, nikaliegemeza gitaa kwenye paja, nikanyoosha mikono kwanza kama nilivyowaona wale wa mtandaoni.

Spika ikaanza kuvuma. Kutoka upande wa pili wa turubai Katekista Kaleb aliinua mkono kwa ile ishara yake, kama mtu aliyekutana na adui wa zamani.

Mama alikuwa amepeleka tonge mdomoni. Akalirudisha kwenye sahani. Akauweka mkono juu ya ubao wa benchi, akatulia, kisha akageuza uso kuelekea kule nyuma ya nyumba lilipo bafu.

"Amerudi," akasema.

Mama hajui tena kukadiria sauti yake, kwa hiyo wote walimsikia.

"Amerudi kutoka shamba. Amechomeka gitaa lake ameenda kuoga." Alikuwa anatabasamu, machozi yanashuka, na alisema kwa namna ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mgeni mazoea ya nyumba. "Kila jioni ndivyo anavyofanya. Mimi niko jikoni, mlango siusikii, sauti yake siisikii, lakini nikiweka mkono ukutani ukuta unavuma. Basi najua Simeo yuko nyumbani, naweka maji ya ugali."

Kibwana aliinama akajifuta uso kwa kofia yake. Mimi nilijawa na uchungu na upendo, na kwa kuwa ni mimi, nikaona hapo ndipo pa kuanza kupiga. Nikaweka vidole kwenye nyuzi.

Ukizishika nyuzi, mvumo wa gitaa lile unakatika. Ndivyo zilivyo pikapu za koili moja, nilikuwa nimesoma habari hiyo mara nyingi sana. Ubao ukatulia chini ya kiganja cha mama, naye akageuka haraka akaniangalia, mimi na vidole vyangu na sugu zangu.

"Toa mkono, Fabiani," akasema. "Unamfukuza."

Nikatoa mkono. Mvumo ukarudi. Nilikaa hivyo, mikono yote miwili hewani kama niliyekamatwa na polisi, gitaa mapajani, pilau yangu inapoa, mpaka mama aliposhiba.